Nani Anaumwa?

Ukitaka kumuudhi Bwana Shamba wetu, neno moja lilitosha: dawa. Siyo dawa ya malaria wala ya kikohozi. Dawa ya kabichi. Ukimwambia, "Shikamoo Bwana Shamba, mama kanituma dawa ya kabichi," anasimamisha pikipiki, anashusha mguu mmoja chini, anaangaza huku na huku kama mtu anayetafuta machela, kisha anauliza kwa sauti ya huruma, utadhani yuko wodini:

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, Bwana Shamba."

"Sasa dawa ya nini? Kabichi ina homa? Inaharisha?"

"Ina viwavi."

"Basi umetumwa sumu ya viwavi. Sema sumu. Mdomo hautavimba."

Mpaka useme. Ukishasema sumu, ndipo anaitikia marahaba, kana kwamba shikamoo yako ilikuwa imekaa foleni muda wote huo.

Kijiji kizima tulikuwa tunaijua hiyo. Vijana wa kijiweni wakimwona kwa mbali wanamuwahi: "Bwana Shamba, nani anaumwa?" Naye anajibu bila kusimama: "Ninyi."

Jina lake alikuwa nalo, bila shaka, maana serikali haimlipi mtu asiye na jina. Wakubwa zake wa halmashauri walimwita afisa ugani. Sisi, wazazi wetu, hata mkewe akiwa anamwita chakula kimeiva, ilikuwa Bwana Shamba. Alikuja huku akitokea Turiani kwenye mashamba ya miwa, miaka mingi kabla sijazaliwa, na inasemekana wiki ya kwanza alianguka mara nyingi sana. Kijiji chetu kiko juu, upande wa Mgeta, na mashamba yamelala ubavuni mwa mlima. Kiazi kikikuponyoka mkononi unakifuata kwa jirani. Mtu wa tambarare akija huku anajifunza kwanza kusimama, kilimo baadaye.

Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kumwigiza. Siku moja asubuhi, kabla ya paredi, nimefunga dumu mgongoni kama bomba la kupulizia, nimevaa kofia ya mjomba, nawapitia wenzangu mmoja mmoja nikiwauliza nani anaumwa. Wanacheka mpaka wanakaa chini. Ghafla kicheko kikakatika. Mchekeshaji yeyote anajua kuna kimya cha aina mbili: cha utani mbovu, na cha mwalimu wa zamu. Nikageuka taratibu. Hakuwa mwalimu wa zamu. Alikuwa Bwana Shamba mwenyewe, kaja kuangalia bustani ya shule.

"Unakosea," akaniambia.

"Samahani, Bwana Shamba."

"Mguu. Mimi nashusha wa kushoto. Wa kulia uko kwenye breki."

Akanionyesha, taratibu, kama anafundisha upandaji wa karoti, halafu akaenda zake. Kuanzia siku hiyo akawa ananiita Redio. Nami kuanzia siku hiyo nikawa namwigiza kwa usahihi zaidi, maana sasa nilikuwa na kibali.

Alikuwa na tabia ya kunusa watu. Samahani kwa kuisema hadharani, lakini ndiyo ukweli. Akikusogelea kukusalimia, pua inatangulia. Mama yangu, ambaye kijijini wanamwita Mama Zena kwa sababu yangu mimi, hakuipenda kabisa.

"Mama Zena," anamwambia, "umepiga sumu leo asubuhi, hujabadilisha kitenge, na mtoto umemfunga mgongoni kwa kitenge hichohicho."

"Bwana Shamba, wewe ni ofisa au mbwa wa polisi?"

"Mbwa angeshakimbia."

Mama akicheka hapo, basi ujue amekasirika kweli. Ila nilimwona akiingia ndani na kubadilisha kitenge. Mdogo wangu wakati huo alikuwa na vipele shingoni ambavyo havikuisha, na kila mtu alikuwa na jina lake la kuviita: joto (kwa baridi hii ya huku!), uji, meno, jicho la mtu.

Kitu cha pili ambacho usingeacha kukiona ni mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Chai hakuinywea kwenye kikombe, alimimina kwenye kisosi, akakiweka kisosi mezani, akakiinamia kama anayekinong'oneza. Na hapa ndipo pana jambo ambalo lilinichanganya nilipolisikia, kwa sababu mimi nilimjua kama adui wa dawa. Wazee wanasimulia kwamba yeye ndiye aliyetuletea. Alipofika kutoka Turiani alikuja na mabomba mapya ya mgongoni, akaita watu uwanjani, akamimina dawa kwenye ndoo, watu wakarudi nyuma kwa harufu. Ili kuwatoa hofu akakunja shati, akaingiza mkono mtupu mpaka kiwikoni, akakoroga huku anacheka. "Mnaona? Ni dawa hii. Haina neno."

Yaani neno lenyewe tulilipata kwake. Kabla yake babu zetu hawakuwa na neno la kitu hicho, kwa sababu hawakuwa na kitu chenyewe.

Nikamuuliza siku moja, maana mimi mdomo wangu hauna mlango. "Bwana Shamba, ni kweli ulikoroga kwa mkono?"

"Kweli."

"Nani alikulazimisha?"

"Nilifundishwa hivyo, lakini kulazimishwa, hapana."

"Ndiyo maana mikono inatetemeka?"

Aliitazama kama vitu vya kuazima. "Daktari hajui. Mimi pia sijui. Ila unaozidi kutetemeka ni huu wa kukorogea."

Sikupata cha kuigiza hapo.

Basi baada ya kutufundisha kupiga, akatumia miaka iliyobaki kutufundisha kuacha. Shambadarasa lake lilikuwa karibu na shule, na silaha yake kubwa ilikuwa mchanganyiko wa pilipili, vitunguu saumu, sabuni na majani ya mwarobaini. Mwarobaini kwetu haukubali, baridi, hivyo alikuwa anaupandisha kutoka Morogoro mjini nyuma ya pikipiki, matawi yanapepea kama ya bwana harusi. Watu wakauita ule mchanganyiko kachumbari. "Bwana Shamba kawapikia wadudu kachumbari." Siku ya maonyesho akapulizia mbele ya akina mama wote, upepo wa mlima ukageuka, pilipili yote ikamrudia usoni. Mtu mmoja akapaza sauti, na naapa sikuwa mimi: "Bwana Shamba, nani anaumwa?"

"Mimi!" akajibu, macho kayafumba, machozi yanatiririka. "Leteni maji!"

Tulicheka wiki nzima. Lakini niseme haki: kachumbari ilifanya kazi. Wadudu mafuta walipungua. Tatizo lake ni uvumilivu. Unapiga leo, unapiga tena keshokutwa, mvua ikinyesha unaanza upya, na huku kwetu Uluguru mvua hainyeshi, inaishi. Dawa ya dukani unapiga mara moja asubuhi, jioni viwavi wamelala chali miguu juu. Mama yangu ana watoto, ana kuni, ana maji ya kuchota. Mahesabu yake hayakuwa magumu.

Na Bwana Shamba hakumlaumu kwa hilo, hapo ndipo alipokuwa tofauti na wageni wa semina. Wageni wa semina walikuwa wanapanda na gari, wanatuambia tubadilike, wanashuka kabla ukungu haujafunga barabara. Yeye alikuwa anasema mtu mmoja hawezi kubadilika.

"Ukiacha peke yako, Mama Zena, viwavi wa majirani wote wanahamia kwako. Unakuwa hoteli. Lazima tuache wote, siku moja, kwa sheria."

"Na tajiri wa fuso, naye ataacha pamoja nasi?"

Hapo Bwana Shamba alikuwa anavua kofia na kuiangalia kwa ndani, kama jibu limeshonewa humo. Kwa sababu tajiri wa fuso akija kuchukua mzigo anaigeuza kabichi mkononi kama anayekagua mbuzi wa mahari, akiona tundu moja anairusha pembeni. Kabichi yenye tundu haishuki mlima. Bwana Shamba alikuwa analisema hilo kwa wakubwa kila wanapokuja: watafutieni watu hawa soko la kabichi yenye tundu, mengine niachieni mimi. Wakubwa walitikisa vichwa kwa kukubali, tena kwa nguvu.

Hata serikali yenyewe ilikuwa kama mtu mwenye mikono miwili isiyofahamiana. Wiki moja Bwana Shamba analetewa mabango ya kuhimiza tupunguze sumu, anayabandika mwenyewe kwa gundi ya uji. Wiki inayofuata viwavijeshi wameingia kwenye mahindi, gari lilelile linapanda na maboksi ya dawa ya bure, na anayetakiwa kugawa ni yeye. Akagawa. Alisimama chini ya bango lake akitoa chupa moja moja, na kwa kila chupa anasema, "Sumu hii. Chukua sumu. Haya, sumu yako." Watu wanapokea: "Asante kwa dawa, Bwana Shamba."

Naye hakuwa malaika. Mama aliwahi kumpelekea maharage nyumbani akakuta kopo la kupulizia mbu dirishani. Akarudi mbio, kabichi zote zilisikia habari hiyo. Alipobanwa, Bwana Shamba akasema mbu hawali kabichi. Ndio utetezi dhaifu kuliko wote niliowahi kumsikia akiutoa, na mimi ni mtu ambaye nimewahi kumwambia mwalimu kwamba daftari langu lililiwa na mbuzi wa jirani.

Lakini yeye alishalipiza mapema, kwa swali moja. Nyuma ya jiko letu, kama nyuma ya karibu kila jiko hapa, kuna bustani ndogo: mafungu machache ya kabichi, mchicha, nyanya. Majani yana matundu kama chujio. Siku hiyo Bwana Shamba alikuja kumwona mama, akapita nyuma, akasimama.

"Mama Zena, hizi mbona hukupiga?"

Mama alikuwa anachambua mchele, akajibu bila kuinua uso: "Hizo za kula."

Halafu akainua uso. Wakaangaliana. Bwana Shamba akaaga, pikipiki ikaondoka polepole. Mama akaupeta ule mchele mpaka nikaona sasa utaisha.

Sasa nieleze kuhusu kijito, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Kijito kinatoka msituni juu, kinapita chini ya kishamba cha mama, halafu kinashuka kwenye bomba la shule na la nusu ya kijiji. Nikiwa mdogo tulikuwa tunakamata kaa chini ya mawe. Siku hizi unageuza jawe, unakuta jawe. Watu wanachanganyia dawa palepale kwenye maji, kwa sababu maji ndiyo yapo hapo, na wakimaliza wanaoshea bomba hapohapo. Bwana Shamba alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na alisema wazi hataki kitu kingine, sherehe wala baiskeli: anataka kabla hajaondoka kijito kile kisiguswe na sumu. Kwa sheria ndogo ya kijiji, yenye muhuri.

Rasimu ikaja kutoka halmashauri, mkutano mkuu ukaitishwa uwanja wa shule, sisi wanafunzi tukabebeshwa madawati. Mwenyekiti akampa Bwana Shamba asome, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jambo. Akasoma, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisoma haraka:

"Ni marufuku kwa mtu yeyote kutumia, kuchanganya au kumwaga viuatilifu katika eneo la chanzo cha maji."

Viuatilifu. Nilitazama nyuso za watu. Hakuna uso hata mmoja uliofungua mlango. Mama, mdogo wangu yuko mgongoni, akamuuliza jirani yake kwa kunong'ona: "Ndiyo nini hivyo?"

"Mambo ya wachimba madini wa kule msituni hayo. Yale wanayosafishia dhahabu."

"Ahaa! Wapigwe marufuku hao, wanatuharibia maji."

Habari ikatambaa kwenye madawati: wachimba madini, wachimba madini. Watu wakachangamka. Hakuna kitu kitamu kama kupiga marufuku kitu cha mtu mwingine.

Mimi neno hilo nilikuwa nalijua. Siyo kwa akili, ni kwa kutumwa. Mama macho yake hayasomi maandishi madogo, kwa hiyo kila chupa mpya mimi ndiye ninayemsomea vipimo, na pembeni ya kila chupa, chini ya picha ya fuvu, pameandikwa kiuatilifu. Nikanyoosha mkono niseme. Wanafunzi hatuna kura pale, lakini mdomo tunao. Bwana Shamba akaniona. Akanitazama moja kwa moja, akatikisa kichwa. Kidogo tu. Usiseme, Redio.

Nikashusha mkono.

"Wanaokubali?" akauliza mwenyekiti.

Msitu wa mikono. Mama alinyoosha miwili.

Haikupita muda, muhuri ukapatikana, na mgambo wakaambiwa walinde kijito. Na nadhani ulishajua nani alikuwa wa kwanza. Mama yangu, asubuhi, anaosha bomba lake kama alivyoliosha maisha yake yote. Mgambo ni mtoto wa shangazi yake, kwa hiyo alianza na adabu.

"Shikamoo dada. Nakukamata."

"Marahaba. Kwa lipi?"

"Kwa viuatilifu."

"Mimi? Viuatilifu nimevitoa wapi mimi, ninachimba dhahabu? Hii si dawa yangu ya kabichi!"

Hata mgambo akababaika, maana naye, kumbe, alidhani anatafuta wachimbaji. Ila mwenyekiti alishamwonyesha chupa. Bomba likachukuliwa. Mama akaenda moja kwa moja kwa Bwana Shamba, mimi nyuma yake, na nyuma yangu nusu ya kijiji, kwa sababu kwetu hakuna sinema.

Tulimkuta anainamia kisosi chake. Mama hakusalimia.

"Bwana Shamba. Viuatilifu ni nini?"

Akakaa wima. Akafuta midomo. Akatuangalia wote, na mimi akanipita haraka.

"Viuatilifu, Mama Zena... ndiyo dawa."

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake bila dhihaka. Lilitoka dogo, kama mtu anayetoka chumbani kwa aibu. Na mama, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kucheza ule mchezo wake hata mara moja, akashika kiuno, akaangaza huku na huku kama anatafuta machela.

"Dawa? Nani anaumwa?"

Watu wakaangua kicheko, na kilikuwa kibaya. Mimi kicheko nakifahamu, ndiyo kazi yangu. Kile hakikuwa cha kufurahi.

"Nimewaeleza kwa maneno yenu miaka yote," akasema, "mkakataa. Nikaona labda kwa maneno ya serikali."

"Ukatufanya wajinga."

"Nilitaka maji, Mama Zena."

"Na mimi sitaki maji? Huyu mgongoni anakunywa nini, soda?"

Ukaitishwa mkutano wa pili, madawati tena. Bwana Shamba akasimama bila karatasi. Akasema nimekosa, neno nililijua, ninyi hamkulijua, nikanyamaza. Halafu akasema ana swali moja.

"Nani hapa anapiga bustani ya nyuma ya jiko? Anyooshe mkono."

Watu waliangalia viatu vyao, wenye viatu. Nilidhani ameshinda. Kisha sauti ya mzee mmoja ikatoka nyuma, wala haikuwa ya hasira: "Jibu lako tumelisikia, Bwana Shamba. Sasa tuletee mnunuzi wa hizo za nyuma ya jiko."

Bwana Shamba akavua kofia. Akaiangalia kwa ndani.

Sheria haikufutwa, kwa sababu ilikuwa imeshapigwa muhuri, na haikufuatwa, kwa sababu ilikuwa imeshajulikana. Bado ipo ukutani ofisi ya kijiji, jua linaila kutokea pembeni. Mama alirudishiwa bomba lake. Vijana wa kijiweni wakabadilisha wimbo: pikipiki ikipita wanaita "Viuatilifu!" Naye hakujibu tena "ninyi". Alipitiliza. Shule nzima iliniomba nimwigize alivyosema "ndiyo dawa." Nilijaribu mara moja, watu wakacheka, nikaacha. Alistaafu, akahamia mjini, na wa kuchukua nafasi yake hajaja mpaka leo. Shambadarasa limeota magugu. Ukiuliza ushauri unaelekezwa duka la pembejeo, na mwenye duka ni mtu mkarimu sana.

Likizo iliyopita tajiri wa fuso alituacha kwenye mataa, hakuja. Mama akasema kabichi zikioza shambani tutakula nini, tukapakia mzigo kwenye gari la jirani, tukashuka Morogoro mjini kuuza wenyewe. Tukapata kipembe sokoni, tukatandika turubai, tukapanga. Zilikuwa nzuri, lazima niseme. Zimeng'aa, zimebana, hazina tundu. Mama alikuwa amezipiga hata wiki ile ile, kwa sababu mvua ilikuwa inaziosha. Pembeni, ndani ya mfuko wa sandarusi, alikuwa amebeba mbili za nyuma ya jiko, za kutupikia kwa shangazi tulikofikia.

Nikaona kofia kwanza. Halafu pua. Alikuwa anapita kwenye mafungu kwa miguu, bila pikipiki, amepungua mpaka shati linamtembelea. Nikamkimbilia.

"Shikamoo Bwana Shamba!"

"Marahaba, Redio."

Hivyo hivyo. Moja kwa moja. Nilikuwa nimesubiri aulize kitu, hata sijui nini.

Akaja mpaka kwenye turubai letu. Yeye na mama hawakuwa wameongea tangu mkutano ule. Wakasalimiana habari za nyumbani, nzuri, za watoto, wazima, kama watu wawili wanaopitishana kitu cha moto. Akainama, akachukua kabichi moja kwa mikono yote miwili. Majani ya nje yalikuwa yanatetemeka. Hakuinusa. Nilitegemea ainuse.

"Nipimie hii, Mama Zena."

Mama akamwangalia. Akanyoosha mikono, akaichukua ile kabichi kutoka kwake, akairudisha kwenye fungu. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa moja ya nyuma ya jiko, imetobolewa kama chujio, akampa.

"Hii ndiyo yako."

Wala hakutaka malipo. Bwana Shamba akaikumbatia kifuani, labda kuzuia mikono.

Pembeni yake alikuwa amesimama dada mmoja wa mjini, ana kikapu, anatungoja. Akaona yote. Akamsikitikia mzee.

"Jamani mama, ndiyo unampa mzee wa watu kabichi mbovu hivyo? Mimi nipe nzuri, hiyo aliyoshika mwanzo."

Mama akampa. Akapokea, akaigeuza, akafurahi. Nikamwona Bwana Shamba anamwangalia yule dada, mdomo umefunguka kidogo. Nikamwona mama naye anamwangalia Bwana Shamba. Mama akamtikisia kichwa. Kidogo tu. Mama hakuwahi kujua kwamba mimi niliwahi kutikisiwa hivyohivyo na mtu huyohuyo.

"Ioshe sana hiyo, mwanangu," Bwana Shamba akasema.

"Kwani ina nini, mzee?"

Akamwangalia mama, mwenye turubai lililojaa na safari ya kurudi mlimani. Akaniangalia mimi. Akaiangalia ile kabichi yenye matundu mikononi mwake.

"Ina dawa," akasema.

"Aah, dawa!" Yule dada akacheka kwa kufarijika, akajishika kifua. "Umenitisha, babu. Nilidhani ina sumu."

Akaitia kwenye kikapu, juu ya maziwa ya mtoto, akaenda.